Muuaji anajulikana tangu sura ya kwanza: je, hii ni riwaya ya upelelezi?

SWALI: Mhariri, habari za kazi. Nimeandika hadithi ya mhasibu wa chama cha ushirika cha kahawa anayekutwa amekufa ghalani. Sura ya kwanza inamwonyesha katibu wa chama akimsukuma kutoka juu ya magunia. Kisha inspekta anachunguza hadi sura ya mwisho, anapomtaja katibu. Mchapishaji ameurudisha mswada, anasema hii si riwaya ya upelelezi. Je, ni ya taharuki au ya uhalifu? Zinatofautianaje?

JIBU: Jiulize kwanza: msomaji wako anajua nini wasichokijua wahusika, na anakijua lini?

Katika riwaya ya upelelezi yenye fumbo, msomaji yuko nyuma. Kifo kimeshatokea, naye anaona dalili zile zile anazoziona mpelelezi, ila haziungi. Muhammed Said Abdulla alituonyesha njia hii katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), alipomleta mpelelezi Bwana Msa na kiko chake: wengine wanababaishwa na habari za mizimu, yeye anatafuta mkono wa binadamu. Sharti lake ni haki. Ushahidi utakaomtia muuaji hatiani uwe umeshapita mbele ya msomaji, hata kama umeuficha ndani ya maongezi ya kawaida. Ukiuzua sura ya mwisho, umemdhulumu.

Sasa tazama mswada wako. Umetoa jibu mwanzoni, halafu unamtaka msomaji angoje kitabu kizima aambiwe analolijua. Nadhani hapo ndipo mchapishaji alipochoka.

Taharuki hugeuza mambo: msomaji yuko mbele ya wahusika. Anajua katibu ameua. Sasa binti wa marehemu anakwenda nyumbani kwa katibu kuomba mchango wa arobaini, anakaribishwa chai, na katika kushukuru anasema amepata daftari la baba yake la mahesabu. Hakuna aliyeinua mkono, lakini msomaji anatamani amnyamazishe. Hatari iliyo njiani ndiyo inayomshika, kwa hiyo taharuki inataka muda unaobana: wakaguzi wanafika Ijumaa, daftari bado liko kwa binti. Inataka pia tuingie nyumbani kwa katibu na tujue anavyofikiri, jambo ambalo mwandishi wa fumbo hulikwepa. Elvis Musiba aliitumia sana nguvu hii kwa jasusi wake Willy Gamba: mara nyingi tunafungua ukurasa kujua kama atawahi na kama atapona. Wala taharuki haihitaji jinai. Wavuvi waliokumbwa na dhoruba wanatosha.

Riwaya ya uhalifu ni jina pana, na hadithi nyingi za aina hizo mbili huingia humo. Wahariri tukilitumia kwa ufinyu tunamaanisha kazi inayouchunguza uhalifu wenyewe: fedha za wakulima zililiwa vipi, nani alinyamaza, katibu alifikaje pale. Inaweza hata isiwe na askari.

Usiogope, lakini, kumtaja muuaji mapema. Mwingereza R. Austin Freeman alichapisha mwaka 1912 hadithi ambamo msomaji anaona uhalifu ukitendwa, kisha anafuatilia jinsi mhalifu atakavyonaswa. Raha yake ni kutafuta kosa la mhalifu tulilolishuhudia bila kulitilia maanani. Mswada wako hauna kosa hilo: katibu anakamatwa kwa kuungama, na huo ni udhaifu mkubwa kuliko jina la aina.

Ningekuwa wewe, ningeibakiza sura ya kwanza na kuachana na siri. Mpe katibu kosa dogo pale ghalani, inspekta aanze kumshuku ifikapo sura ya nne, kisha wakutane mara kwa mara, kila mmoja akipima mwenzake. Ukipenda fumbo zaidi, futa sura ya kwanza na uanze na mlinzi akifungua ghala asubuhi. Lakini hapo utahitaji angalau watu wengine wawili wenye sababu ya kumuua mhasibu, na kwa sasa huna hata mmoja.

Ukiurudisha kwa mchapishaji kwa njia ya kwanza, uite riwaya ya uhalifu yenye taharuki, na mwambie mapema kwenye barua kwamba muuaji anajulikana tangu mwanzo.