Swichi Janja na Waya Unaokosekana Ukutani

Maswali ya wasomaji kuhusu umeme wa nyumbani

SWALI: Ninaishi Tanga katika nyumba tuliyoijenga mwaka 2009. Mwanangu anayefanya kazi Dar es Salaam ametuletea swichi janja nne za kugusa, zinazoweza kuwasha taa kwa simu. Fundi tuliyemwita alifungua boksi la swichi ya sebuleni, akatazama, kisha akasema kuwa nyumba yetu haina nyutro na kwamba swichi hizo hazitafanya kazi mpaka nyumba nzima ifungwe nyaya upya. Mbona taa zetu zinawaka siku zote? Nyumba inawezaje kuwa na umeme bila nyutro? (Mama wa nyumbani, Tanga)

JIBU: Mama, hoja yako ni ya kweli, na fundi wako naye aliona sawasawa, ila amekimbilia hitimisho ambalo lingekugharimu fedha nyingi bila sababu. Nyumba yako ina nyutro. Kinachokosekana ni nyutro ndani ya boksi la swichi.

Taa huhitaji nyaya mbili ili iwake: waya wa moto unaoleta umeme, na nyutro inayoukamilishia mzunguko wake. Swichi ya kawaida haitumii umeme wowote yenyewe, kwa kuwa kazi yake ni kukata na kuunganisha waya wa moto tu. Kwa hiyo fundi aliyeifunga nyumba yenu alishusha ukutani nyaya mbili ambazo zote ni za njia ya moto, mmoja ukileta umeme kwenye swichi na mwingine ukiupandisha kwenye taa, na nyutro akaiacha ipite juu darini kutoka taa hadi taa. Hakukosea hata kidogo. Ndivyo nyumba nyingi za Afrika Mashariki zilivyofungwa, kwa kufuata utaratibu tulioupokea kutoka kwa Waingereza, na utaratibu huo unaokoa waya. Swichi janja, kwa upande wake, ni kompyuta ndogo yenye redio ndani yake. Lazima ilishwe umeme saa zote, hata taa ikiwa imezimwa, ili isikie amri ya simu yako, na ndiyo maana inadai nyutro.

Njia ninayoipendekeza kwanza ni kuishusha hiyo nyutro. Nyumba za matofali ya saruji kwa kawaida zina paipu za plastiki zilizozikwa ukutani, zikitoka kwenye boksi la swichi hadi darini, na ndani ya paipu hizo mara nyingi kuna nafasi ya waya mmoja zaidi. Fundi mwenye subira ataingiza waya wa kuvutia kutoka juu, aufunge waya wa nyutro wa milimita za mraba 1.5, kisha auvute taratibu hadi chini bila kuvunja ukuta wala kuharibu rangi. Kwa swichi nne hiyo ni kazi ndogo ikilinganishwa na kufunga nyumba upya.

Hapo lakini nina onyo ambalo naomba ulisome kwa makini pamoja na fundi wako. Nyutro hiyo sharti itoke kwenye sakiti ileile inayolisha taa hiyo. Niliwahi kuitwa katika nyumba moja ambako swichi ya chumbani ilikuwa imeazimishwa nyutro ya soketi za jikoni kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Kila taa ya chumbani ilipowashwa, kifaa cha kuzuia umeme unaovuja kilikata umeme, na wenye nyumba walikuwa wameishi na tatizo hilo kwa miezi kadhaa wakiamini kuwa swichi mpya ni mbovu. Hatari kubwa zaidi ni kwamba mtu anaweza kuzima breka ya taa, akadhani kila kitu kimekufa, kumbe nyutro anayoishika bado inabeba umeme wa sakiti nyingine.

Iwapo paipu imeziba au imejaa, zipo swichi janja zilizotengenezwa kwa ajili ya maboksi yasiyo na nyutro. Hizo hujilisha kwa kupitisha umeme kidogo sana ndani ya taa yenyewe hata ikiwa imezimwa. Katika zama za balbu za wati 60 hakuna aliyeutambua umeme huo, lakini taa ya LED ya wati 5 yaweza kubaki iking'aa kwa unyonge usiku kucha au kupepesa kila sekunde chache. Dawa yake ni kapasita ndogo inayofungwa kwenye taa, ambayo mara nyingi huja ndani ya kasha la swichi, na watu huitupa wakidhani ni kipuri cha ziada.

Kabla ya yote, geuza hizo swichi nne usome maandishi ya nyuma. Ukiona herufi L (waya wa moto) na N (nyutro) pamoja na L1 (waya wa kwenda kwenye taa), basi zinahitaji nyutro. Ukiona L na L1 pasipo N, ni za aina ya pili. Soma pia volti. Umeme wetu ni wa volti 230, hivyo kifaa kilichoandikwa 100–240 kinafaa, lakini kilichoandikwa 110 au 120 peke yake kimetengenezwa kwa ajili ya nchi kama Marekani, nacho kirudishwe dukani. Pima vilevile kina cha boksi, kwa sababu maboksi ya zamani yenye milimita 25 hayatoshi kwa swichi hizi nene, na nyaya zilizobanwa kwa nguvu nyuma yake hulegea kwenye skrubu na kupata moto. Kazi yenyewe aifanye fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, azime meni swichi, kisha apime kwa testa kabla ya kugusa waya wowote.

SWALI: Nyumba yetu ya ukoo iko Mji Mkongwe, Zanzibar. Tulifunga swichi za Wi-Fi ghorofa ya chini na ya juu, lakini za juu hupotea kwenye simu mara kwa mara, na intaneti ikikatika hakuna kinachosikia amri. Mzee wetu, ambaye ana miaka 81, amechoka kabisa na habari hizi. Tufanye nini? (Msomaji wa Zanzibar)

JIBU: Nianze na mzee, kwa kuwa yeye ndiye kipimo changu cha mfumo wowote wa taa. Akiamka usiku kwenda msalani, lazima apapase ukuta mahali palepale alipozoea, abonyeze, na taa iwake, simu iwepo au isiwepo, intaneti iwepo au isiwepo. Swichi nzuri hufanya hivyo, kwa sababu kitufe chake huungana moja kwa moja na rilei, yaani swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme, iliyo ndani yake. Kama swichi zenu zinashindwa kazi hiyo pale intaneti inapokatika, ziondoeni bila kusita. Balbu janja nazo zina kasoro inayofanana na hiyo: mtu akizima swichi ya ukutani, balbu hukosa umeme na simu haiwezi kuiamsha tena.

Sasa kuhusu kupotea kwa mawimbi. Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nyingi zikiwa na unene wa nusu mita au zaidi, na hushika unyevu. Mawimbi ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo hutumiwa na swichi za Wi-Fi, hudhoofika sana yanapopita katika ukuta wa namna hiyo. Ruta moja iliyowekwa ukumbini chini haiwezi kuhudumia vyumba vya juu, hata ikiwa ya bei kubwa. Mnaweza kuongeza kituo cha pili cha Wi-Fi ghorofani kinachounganishwa na ruta kwa waya, na upenyo wa ngazi mara nyingi hutosha kuupitisha waya huo. Mnaweza pia kuhamia swichi za Zigbee, ambazo hutumia masafa hayohayo lakini kila swichi yenye umeme wa kudumu hupokea amri na kuirusha kwa jirani yake, hivyo amri hupanda hatua kwa hatua. Hizo huhitaji kituo kimoja kikuu, na mfumo ukipangwa vizuri amri hazitoki nje ya nyumba, kwa hiyo kukatika kwa intaneti hakuzizimi. Matter, kiwango cha pamoja cha mawasiliano ya vifaa janja kilichotolewa mwaka 2022, nacho kimejengwa juu ya wazo hilo la vifaa kuongea ndani ya nyumba yenyewe, kwa hiyo mkinunua vipya tafuteni alama yake.

Kwa nyumba kama yenu, hata hivyo, ningechagua swichi zisizo na waya wala betri. Kidole kinapobonyeza, nguvu ya mbonyezo huo huzalisha umeme kidogo ndani ya swichi, unaotosha kurusha ishara hadi kwenye kipokezi kilichofungwa juu karibu na taa, ambako nyutro tayari ipo. Kampuni ya EnOcean ya Ujerumani ndiyo iliyoieneza teknolojia hii. Zipo zinazotumia masafa ya chini, kama megahezi 433 au 868, ambayo hupenya ukuta mnene vizuri zaidi. Swichi yenyewe hubandikwa tu, kwa hiyo hamtachimba ukuta wa kale hata sentimita moja. Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na kuta za nyumba zake zinastahili kuhurumiwa.

SWALI: Umeme ukikatika na kurudi saa tisa usiku, taa zote zenye swichi janja huwaka zenyewe na watoto huamka. Pia niliambiwa swichi hizi zitapunguza matumizi ya LUKU (umeme wa kulipia kabla), lakini sioni tofauti. (Baba wa familia, Morogoro)

JIBU: La kwanza ni la mpangilio tu. Fungua programu ya swichi, tafuta sehemu inayoeleza hali ya swichi umeme unaporudi, kisha uchague ibaki imezimwa au irudi ilivyokuwa kabla. Taa ya ngazini na ya nje ningeziacha zirudi zilivyokuwa, na za vyumbani zibaki zimezimwa.

Kuhusu LUKU, tupige hesabu. Chukulia kila swichi janja inatumia wati moja kwa kusubiri amri, na unazo kumi. Wati kumi kwa saa 24 kwa siku 30 ni uniti 7.2 kila mwezi, na kiasi hicho cha umeme kingewasha taa moja ya LED ya wati 9 kwa saa 800. Kwa hiyo katika chumba ambacho watu hukumbuka kuzima taa, swichi janja huongeza matumizi badala ya kuyapunguza. Faida huonekana mahali taa husahaulika, hasa taa za uzio zinazoachwa zikiwaka mchana kutwa. Hizo zipangie ziwake machweo na kuzimwa alfajiri. Sehemu nyingine, zifunge kwa sababu ya urahisi na usalama, lakini usizifunge kwa kutarajia akiba.

SWALI: Je, swichi janja ya taa inaweza kuwasha pangaboi na shawa ya umeme bafuni? (Msomaji wa Mombasa)

JIBU: Pangaboi huweza kuwashwa na kuzimwa, ila usitumie swichi ya kupunguza mwanga kubadilisha kasi yake, kwani mota itanguruma na kupata joto. Tafuta swichi iliyotengenezwa kwa ajili ya feni.

Shawa ya umeme, hapana kabisa. Shawa ya wati 5,000 huvuta takriban ampea 22, ilhali swichi janja nyingi za taa hazivuki ampea 10, na rilei yake itaungua ndani ya boksi pasipo wewe kuona. Shawa iwe na waya wake mnene, breka yake, na swichi yake nzito inayokata waya wa moto na nyutro kwa pamoja, na kazi hiyo umpe fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya udhibiti wa nishati Kenya.