Dunia haina sumaku tumboni: kwa walimu wapya wa fizikia

Walimu wenzangu mnaoripoti Mtwara na Lindi, kuna mada moja nawaomba msiipitie mbiombio: usumaku wa Dunia. Mchoro wa sumaku mche katikati ya sayari unaonyesha umbo la uga tu, yaani eneo ambamo nguvu ya sumaku huhisiwa. Chanzo chake hausemi, na mwanafunzi huondoka akiamini kuna pande la sumaku limelala huko chini.

Mimi huwapeleka kwa mhunzi. Msumari ukitolewa kwenye makaa yaliyovuviwa vizuri, ungali umeiva rangi ya machungwa, usogezeeni sumaku ya spika mbovu: haushikiki. Wekundu ukififia, unadakwa ghafla. Chuma kikivuka nyuzijoto 770 hivi hupoteza usumaku wake, na kiini cha Dunia kimepita 4,000. Hapo wanafunzi wenyewe huuliza: basi dira ya nahodha wa Mikindani inavutwa na nini?

Swali hilo lipeni muda. Kuanzia kina cha kilomita 2,900 hivi hadi 5,150, kuna chuma kilichoyeyuka. Joto linapopanda kwenda juu, na kiini cha ndani kinapoganda na kuachia elementi nyepesi, chuma hicho hupanda na kushuka, huku mzunguko wa Dunia ukiisokota mikondo yake. Chuma hupitisha umeme; kikisogea ndani ya uga, hata hafifu, huzalisha umeme, na umeme huo hujenga uga zaidi. Dainamo ya baiskeli huwekewa sumaku kiwandani. Hii ya Dunia hujilisha yenyewe.

Mshtarii ina dainamo pia, ila ya haidrojeni iliyogandamizwa hadi ikapata tabia ya metali. Ya Mirihi ilizimika takriban miaka bilioni 4 iliyopita. Miamba yake ya kale bado ina usumaku.

Kwenye Zuhura kuweni waangalifu. Darasa zima litasema haina uga kwa kuwa hujizungusha mara moja kwa siku 243. Msikubali upesi. Hata mwendo huo ungeweza kutosha. Wataalamu wengi huona tatizo ni kiini chake kutopoteza joto kwa kasi ya kukifanya kisukwesukwe.

Jaribio la mwisho halina gharama. Ning'inizeni sindano ya kushonea kwa uzi, isawazike kabisa, ndipo muisugue kwa sumaku. Tuko kusini mwa ikweta ya kisumaku, kwa hiyo ncha inayoelekea kusini itainama. Wapeni protrakta wapime pembe.