Mnaojenga PC ndani ya kodiani, nisikilizeni kabla hamjashika drili

Jana kaja kijana kibandani kwangu Mlandege, kaupakata udi, ile ala ya nyuzi ya taarab, kama mtoto mchanga, ushatobolewa tumbo, eti anataka madabodi (ile bodi kuu ya kompyuta) ya saizi ndogo ya mini-ITX ikae humo. Umepima? Ananambia nimekadiria kwa macho. Yakhe, huyu wa tatu mwaka huu! Bora niandike kabla presha haijanipanda.

1. Pima. Bodi ni milimita 170 kwa 170, kata kadibodi ya saizi hiyo uitumbukize kwanza.

2. Chombo kizima hakikatwi. Ukiniletea ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi, inayopigika nakufukuza.

3. Kodiani nyingi za zamani zimevishwa seluloidi, ile plastiki inayong'ara kama lulu. Inashika moto upesi mno, grainda na solda weka mbali.

4. Joto. Hapa nikae kitako. Kodiani yangu ya mwanzo nliuziwa na mzee mmoja aliyekuwa akipiga taarab ujanani, vibonye 41 kulia na 120 vya besi, mivukuto imeoza lakini vile vyuma vya sauti vya ndani vyote vizima. Sharti lake moja tu, nisivitoe. Nikamwambia ami, ondoa shaka. Na mie nikaona ndo urembo wenyewe, bodi nikaipachika pale katikati ya mivukuto, safu ya vyuma ikaja vidole viwili tu juu ya hitsinki, kile chuma cha kupozea prosesa, inapendeza kama meno ya bi harusi. Nlichokuwa sikijui, na sikuuliza maana mie fundi bwana, ni kwamba vile vyuma havina skrubu, vimegandishwa kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na ulimbo. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzijoto 62 na ushei, prosesa yangu ikibanwa kazi inafika 85. Kaskazi imekaza, feni moja, nimeiwacha inarenda, yaani inatengeneza, video ya harusi nikenda zangu kuswali Laasiri.

Narudi, kibanda kizima chanukia asali. Wallahi nlifurahi, nikajua jirani anapika kitu. Kumbe nta imechuruzika, feni imenata, na vyuma vinadondoka kimoja kimoja juu ya ram. Nta haipitishi umeme, chuma ndicho kilichoua bodi. Sloti nikazikwangua kwa kijiti siku mbili, spiriti haikufua dafu, na bodi haikuamka.

Hilo la bodi nlilimeza. Ila mzee akaja kuitazama kodiani yake. Kachungulia ndani, kaniuliza, meno yake yako wapi? Nikampa kopo la maziwa nlimovikusanya. Akalitikisa karibu na sikio, akanirudishia, akaaga.

5. Kwa hiyo vyuma vya sauti vitoe, na kila kipande kitie namba kwa penseli. Mie sikutia, mpaka leo vimo koponi.

6. Feni mbili, moja ivute moja itoe, na weka chujio, upepo wetu una chumvi.

Na wewe wa udi, njoo Jumamosi na rula.