Kumaliza haraka katika tendo la ndoa: inajuzu kwenda kwa daktari?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Nimeoa, huu ni mwaka wa pili. Tangu usiku wa kwanza nikimwingilia mke wangu haipiti dakika moja nimeshamaliza. Yeye hasemi kitu, lakini siku hizi akipanda kitandani anageukia ukutani, na mimi nimeanza kusingizia uchovu wa kazi. Rafiki yangu kaniletea vumbi la Kongo, ule unga wa nguvu za kiume, mwingine anasema nimerogwa. Mimi nadhani ni adhabu ya punyeto ya ujanani. Je, ni kweli? Na inajuzu kumvulia nguo daktari kwa jambo kama hili?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah.

Ndugu yangu, naanza na kuona haya, maana naona ndiko kulikokuchelewesha. Sayyidna Ali (r.a.) alikuwa akitokwa sana na madhii, yale maji mepesi ya matamanio yasiyo manii, akaona haya kumuuliza Mtume (s.a.w.) kwa kuwa amemuoa binti yake. Akamtuma Miqdad bin Aswad amuulizie, na jibu likaja: aoshe utupu wake na atawadhe. Haya haikumzuia kutafuta jibu. Na Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu, kwani Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee.

Punyeto kwa wanavyuoni wengi haijuzu, ukishatubia, yamekwisha. Kusema kwamba maradhi haya ndiyo adhabu yake ni kumzulia Mola jambo usilokuwa na dalili nalo. Madaktari wanajua aina mbili. Iko ya tangu mwanzo, kama yako, mtu humaliza ndani ya takriban dakika moja, na huhusishwa na maumbile ya mwili. Iko pia inayokuja baadaye, kwa sababu ya wasiwasi, uume kulegea, maradhi ya tezi dume au tezi ya shingoni kufanya kazi kupita kiasi. Wapo vijana wanaojiita wagonjwa nao ni wazima, kwa sababu ya filamu chafu walizozitazama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005, uliowapima wanandoa wa nchi 5 kwa saa ya kuhesabu sekunde, ulikuta muda wa katikati ni dakika 5 na ushei tu. Wewe lakini hali yako inastahili tiba.

Na hapa nitakuwa mkali kidogo: hilo la kusingizia uchovu liache. Mwenyezi Mungu anasema, "Na kaeni nao kwa wema," na haki ya mke kitandani imo humo. Mwanamke aliyeachwa na Rifaa kisha akaolewa na Abdurrahman bin Zabir alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kumshtakia udhaifu wa mumewe, akasema alichonacho ni mfano wa upindo wa nguo. Khalid bin Said, aliyekuwa mlangoni, alitaka akatazwe kusema hayo mbele ya Mtume. Mtume (s.a.w.) hakuzidisha zaidi ya kutabasamu. Mkeo amekusitiri kwa kunyamaza. Usidhani hana la kusema. Ibn Qudama, mwanachuoni wa fiqhi, ameandika kwamba mume akimaliza kabla ya mkewe inachukiza ajitoe mpaka naye akidhi haja yake. Hadithi inayotajwa katika hilo sanadi yake ni dhaifu, lakini maana yake wanavyuoni wameikubali. Ukimaliza, mikono unayo na ulimi unao.

Kwa daktari nenda, na mkeo akiweza mfuatane. Mara nyingi atauliza maswali tu. Akihitaji kutazama, itafunuliwa sehemu ile tu, na awe mwanamume akipatikana. Huenda akakufundisha zoezi la kusita kila unapohisi unakaribia kumaliza, utulie, kisha uendelee. Huanzwa kwa mkono, na mkono wa mkeo ni halali kwako, kwa hiyo suala la punyeto halimo. Viko vidonge, kama dapoksetini, unavyoandikiwa na daktari. Vingine havikatishwi ghafla. Iko pia krimu ya ganzi: hupakwa kabla, kisha huoshwa ili mke naye asipate ganzi. Haileweshi, haina ubaya kisheria. Ila kabla ya josho la janaba hakikisha haikubaki mafuta mazito yanayozuia maji kufika kwenye ngozi.

Hilo vumbi mrudishie mwenyewe. Bidhaa za namna hii zimewahi kukutwa na sildenafili iliyochanganywa kwa siri, na dawa hiyo humteremshia presha kwa hatari anayetumia dawa za moyo za naitreti. Tena ni ya kusimamisha. Tatizo lako ni jingine. Ama kurogwa, jisomee Ayatul Kursi, Falaq na Nasi, hirizi usivae, na pesa zako usimpelekee mganga kwa dhana ya rafiki.

Limebaki jambo moja hukuliuliza. Ramadhani ikiingia, jiepushe kumbusu na kumkumbatia mkeo mchana. Bibi Aisha (r.a.) alisema Mtume (s.a.w.) akibusu naye amefunga, akaongeza kuwa yeye alikuwa mwenye kuimiliki haja yake kuliko nyinyi nyote. Manii yakikutoka kwa kugusana, saumu imebatilika, na katika madhehebu yetu ya Shafi utalipa siku hiyo bila kafara. Madhii pekee hayabatilishi.

Wallahu a'lam.