Seva Ikitupa Bahasha, Anwani Nayo Inakwenda

Juzi msomaji mmoja aliniandikia: ana lakabu nyingi za barua pepe, yaani anwani za ziada, zinazoishia kwenye kisanduku kimoja, na hajui tena barua ipi ilitumwa kwa anwani ipi. Ujumbe ule ulinigusa, maana yalinikuta hayo hayo, tena mbele za watu.

Nilikuwa nasimamia seva ya Postfix, programu ya kupokea na kutuma barua pepe, yenye lakabu zaidi ya thelathini. Programu yetu ilipanga barua kwa kusoma kichwa cha X-Original-To, mstari wa juu ya barua unaotaja anwani iliyoandikiwa awali, ambacho Postfix ilikuwa ikikiweka yenyewe. Usiku mmoja nikahamishia ufikishaji kwenye LMTP ya Dovecot, yaani njia ya kuikabidhi barua kwa programu inayotunza visanduku; kwa njia hiyo Postfix haikukiweka tena kichwa kile. Nikajitumia barua ya majaribio, ikafika, nikalala. Kulipokucha, malalamiko, ankara na maombi ya kazi vyote vimelundikana foleni moja. Mkuu wangu akatamka kikaoni kwamba nimepoteza barua za wateja. Sikupoteza hata moja, na neno lile linaniuma hadi leo.

Anwani ya kweli imo kwenye bahasha, yaani amri ya RCPT TO, inayomtaja mpokeaji seva zinapokabidhiana barua. Mstari wa To mtumaji huuandika apendavyo, na barua ya Bcc (nakala ya siri) kwa kawaida haina anwani yako ndani kabisa. Lakabu ikishatafsiriwa na bahasha ikatupwa, unabaki na jina la kisanduku tu. Kilichoniokoa ni logi, kumbukumbu za seva: kila mstari ulikuwa na to= ya kisanduku, na pembeni yake orig_to= ya lakabu. Siku mbili nzima nililinganisha mstari kwa mstari, barua kwa barua, na zote zikarudi mahali pake. Hilo najivunia.

Dawa ni fupi. Tangu Postfix 3.5, weka flags=DO (D ni kichwa cha Delivered-To, O ni X-Original-To) kwenye huduma ya lmtp ndani ya faili la mipangilio la master.cf, kisha lmtp_destination_recipient_limit = 1 ndani ya lile la main.cf. Msiruke hiyo ya pili: vichwa hivi vinataka mpokeaji mmoja kwa kila ufikishaji. Na enable_original_recipient, inayoitunza anwani ya awali, msiizime.

Jamani, acheni kupima seva kwa anwani ya kisanduku chenyewe! Tumeni kwa lakabu, tena kwa Bcc, mfungue ujumbe ghafi mvisome vichwa kwa macho yenu. Kazi ya seva ni amana ya watu.

Msomaji wangu amenijibu leo asubuhi. X-Original-To imerudi, na lakabu yake ya kwanza imeonekana.