Kabla hujatoboa kibao cha zana, pima mkono wako

Kibao changu cha kwanza cha kutundikia zana nilikitengeneza kwa masalia ya plaiwudi, nikatoboa matundu yaliyobanana ili patasi zote saba zienee. Kuenea zilienea. Ila kila nilipotaka ile ya katikati, vidole havikupata pa kupita. Siku moja niliing'ang'aniza, ya jirani yake ikachomoka na kuanguka hatua moja kutoka mguuni kwangu, makali chini. Nilikishusha siku ileile.

Tangu hapo sianzi na penseli. Nalaza zana zote mezani, nashika mpini mmoja baada ya mwingine, nazisogeza mpaka ngumi nzima ipite bila kugusa ya pembeni. Kwa mkono wangu hutoka sentimita 6 hadi 7 kati ya tundu na tundu. Na tundu lisiwe chini ya sentimita 5 kutoka ukutani, la sivyo utachubua vidole kila siku.

Kwa kibao chenyewe, kile kinacholala kama rafu, napenda plaiwudi ya milimita 18. Kigonge kipande kwanza: kikilia kama kina uwazi ndani, tabaka zimeachana, kiache. Unapotoboa, bana kipande kibovu chini yake kwa jiriwa, maana keekee ikitokea upande wa pili bila kitu cha kuizuia hubandua tabaka la nje.

Bisibisi zinatosheka na tundu. Patasi zinataka mwanya: toboa, kisha kata kwa msumeno mistari miwili kutoka ukingo wa mbele hadi kwenye tundu. Hata patasi pana huingia kwa shingo yake nyembamba, na mpini unakalia kibao. Panua kidogo mdomo wa tundu kwa juu ili mpini uzame, usiteleze ukiguswa. Hiyo ndiyo kazi ndogo inayolipa kuliko zote hapa.

Pale kibao kinapokutana na ubao wa mgongo, ule unaosimama wima nyuma yake, skrubu hupasua tabaka kirahisi. Kwa skrubu ya milimita 4 natanguliza keekee ya 2.5, napaka gundi ya mbao, naongeza vikono viwili vya pembetatu chini.

Usikipigilie ukutani moja kwa moja. Chukua ukanda wa sentimita 10, upasue katikati kwa urefu, msumeno ukiwa umeinama nyuzi 45. Nusu moja ifunge ukutani, ncha yake kali ikiwa juu na mbali na ukuta. Nyingine ifunge nyuma ya ubao wa mgongo, ncha chini na mbali na ubao. Zinang'atana, na uzito wenyewe ndio unaozikaza. Nyuma kwa chini bandika kipande cha unene uleule, ubao wa mgongo usimame wima. Siku ukitaka kukihamisha, unakiinua tu.

Zana za makali zitundike usawa wa kifua, kamwe zisiwe juu ya kichwa, na chini yake pasiwe njia ya kupita.