Sauti imenitoka. Mungu bado ananihitaji?

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Nina miaka 58, na kwa miaka 22 nimekuwa mwalimu wa kwaya. Mwaka jana nilifanyiwa upasuaji wa koo, sauti haikurudi, nanong'ona tu. Daftari la nyimbo nimemkabidhi kijana niliyemfundisha mwenyewe, joho nimelirudisha kwa viongozi. Siku hizi nakaa benchi la nyuma, karibu na mlango, ili ibada ikiisha nitoke kabla watu hawajaanza kunisalimu. Mke wangu husema Mungu ananithamini. Sawa, lakini ananihitaji kwa lipi sasa? Na je, nilikosea kurudisha joho?
Mwalimu wa zamani

JIBU: Marahaba, Mwalimu, na pole sana.

Jibu langu huenda likakuudhi: Mungu hakuhitaji. Hakukuhitaji hata ulipokuwa na sauti ya kujaza kanisa zima. Paulo aliwaambia Waathene kwamba Mungu hatumikiwi kwa mikono ya wanadamu kana kwamba amepungukiwa na kitu (Matendo 17:25). Aya hiyo niliihubiri mara nyingi bila shida, mpaka nilipostaafu. Jumapili yangu ya kwanza benchini, ibada ilikwenda vizuri kabisa bila mimi. Ingeharibika kidogo ningefarijika, Mungu anisamehe.

Leo soma 2 Samweli 9, polepole. Mefiboshethi, mwana wa Yonathani na mjukuu wa mfalme Sauli, aliangushwa na yaya wake akiwa na miaka 5 walipokuwa wakikimbia, akalemaa miguu yote miwili. Sasa ni mtu mzima, amejificha Lo-debari katika nyumba ya mtu mwingine. Mfalme Daudi anauliza kama amesalia yeyote wa nyumba ya Sauli, apate kumtendea wema kwa ajili ya Yonathani, aliyekuwa rafiki yake. Siba, mtumishi, anajibu kwamba yupo mmoja, na papo hapo anaongeza: ana kilema cha miguu. Hakuna aliyemuuliza habari za miguu! Nadhani alitaka kumpunguzia mfalme usumbufu. Daudi haulizi kilema kikubwa kiasi gani, wala yule mtu anaweza kazi gani. Anauliza, "Yuko wapi?"

Mefiboshethi akaletwa, akajiita mbwa mfu, na tangu siku hiyo akawa anakula mezani pa mfalme kama mmoja wa wana wake. Mwandishi angeweza kuishia hapo, lakini mstari wa mwisho unarudia kwamba alikuwa kiwete miguu yote miwili. Hakuponywa. Alikaa pale na miguu ile ile, kila siku, kwa ajili ya Yonathani.

Mwalimu, nawe hukukaribishwa kwa ajili ya sauti yako. Paulo anawaambia Waefeso kwamba neema tumepewa "katika huyo Mpendwa" (1:6), yaani kwa ajili ya Kristo. Kama sauti si iliyokuingiza, kutoka kwake hakuwezi kukutoa. Mkeo amesema kweli. Ila wewe, baada ya miaka 22 ya kazi, ukisikia "thamani" unasikia "kazi".

Sasa joho. Kumkabidhi kijana daftari ulifanya vema; kwaya haifundishwi sauti nne kwa kunong'ona. Lakini joho ulilirudisha kwa moyo gani? Kama ulikuwa umechoka tu, liache. Kama ulilirudisha kama mtu anayekabidhi funguo za nyumba aliyofukuzwa, kalifuate. Na hao viongozi waliolipokea bila kukuuliza neno wamekosea. Waonyeshe ukurasa huu ukipenda.

Lile benchi la mlangoni hama Jumapili hii. Ibada ikiisha, kaa. Watu wakija kukusalimu, wajibu kwa sauti uliyo nayo. Wasiposikia, wainame.